Mwezi wa Ishirini na Nne

Daftari langu lina mistari arobaini na mmoja.
Kila mstari ni tumbo la mtu.
Mwezi wa kwanza, wa sita, wa kumi na mbili,
nimepiga simu, nimeuliza, nimetia vema.
Sasa ni mwezi wa ishirini na nne
na Ndahani Chilongola, mstari wa kumi na saba,
hapatikani.

Basi nimekuja Kibaigwa mwenyewe,
Alhamisi, saa nne, mabati ya soko la mahindi yanawaka
na pumba imenikaa kwenye kope.
"Unamtafuta Ndahani wa Ngiri?" kijana ananiuliza.
Hapa ugonjwa huondoka, jina lake likabaki na mtu.

Namkumbuka siku aliyokuja Dodoma,
mkono mmoja mfukoni, ameshika kinena
kama anayeficha yai.
Miaka tisa ya lumbesa,
gunia lililovalishwa kilemba, mgongo wa mtu chini yake,
mpaka ndani ya nyama mlango ukaachia komeo.
Alikwisha kunywa mizizi, sufuria kwa sufuria.
Mizizi ilimpa haja ndogo tu.

Dokta Nyemo alitoboa matundu matatu,
madogo kama vifungo vya shati.
Kwenye kioo tukaliona lile pengo, jeusi, likipumua.
Akautandaza wavu juu yake,
mweupe, mwepesi kama ganda la kitunguu.

Alikuwa amemwambia mapema:
"Huu hautakaa. Mwili utaumung'unya taratibu,
na huku unaumung'unya, unafuma wa kwake."
Ndahani hakucheka.
"Na ukimaliza kula kabla haujamaliza kufuma?"

Swali hilo ndilo linalonilipa mshahara.

Nimemkuta nyuma ya mizani,
ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
sindano ya gunia mkononi, uzi wa katani mdomoni.
Habebi tena. Anashona midomo ya magunia ya wengine.
Simu? Ilidumbukia kwenye hori la mbuzi.

Namuuliza jinsi karatasi inavyotaka.
Uvimbe umerudi?
"Hapana."
Ukikohoa?
Anakohoa kwa makusudi, ananitazama. "Hapana."
Maumivu, kuanzia sifuri hadi kumi?
Anafikiri.
"Ya kinena, sifuri.
Ya kuwatazama wenzangu wanapanda ubao wa lori
na mimi nimekaa na sindano kama bibi harusi,
hayo una mahali pa kuyaandika?"
Sina.
Nayaandika pembeni, kwa penseli.

Halafu, bila kuulizwa:
"Mwezi wa kumi na tano nilibeba moja.
Usiku. Mlinzi alikuwa amelala.
Hatua ishirini, toka hapa mpaka pale kwenye nguzo."
Ikawaje?
"Nikalitua. Nikajishika.
Nikakaa macho hadi jogoo, nasubiri mtu anigongee kwa ndani."
Hakugonga mtu.

Sikumwambia habari za mstari wa tisa,
Mzee Sakalani wa Hombolo,
ambaye uvimbe wake ulirudi mwezi wa kumi na nane,
na kila usiku huurudisha kwa vidole viwili ndipo alale.
Naye yumo daftarini, kwa wino uleule.
Daftari linaloficha ni ghala lenye panya:
kwa nje limejaa.

Ndahani anavuta uzi, anakaza fundo.
"Mimi uzi wangu ukioza, mahindi yanamwagika,
tajiri ananikata hela.
Wa kwenu umeoza humu tumboni
na bado nimefungwa.
Siuelewi ushonaji huo."

Hata mimi sijauelewa wote.
Ninachojua ni kuuliza, na kurudi kuuliza.

Akakata uzi kwa meno, akavuta gunia jingine.
Nikatia vema.
Mstari wa kumi na nane anaishi Mpwapwa.
Simu yake inaita tu.